Simu, Kijana na Mizani ya Ushahidi

Kitabu kisemacho neno ambalo watu wengi wamekwisha kuliamini hupokewa kama mgeni aliyengojewa. Hukaribishwa kwa vigelegele, huandaliwa kiti cha mbele, wala hapana amwulizaye atokako. Mgeni wa namna hiyo aweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini mwenyeji mwenye busara, baada ya kumpa maji ya kunywa, humwuliza habari. Hiyo ndiyo kazi ya uhakiki. Mhakiki si adui wa kitabu, wala si mpiga zumari wake.

Kitabu nitakachokiuliza habari mbele yako, msomaji, ni cha Jonathan Haidt, mwalimu wa saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha New York, Marekani. Kilichapishwa Machi 2024 kwa jina la The Anxious Generation, maana yake kizazi chenye wahaka. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kinazungumza habari za watu wa umri wako, na mtu anayezungumzwa ana haki ya kusoma maneno yaliyosemwa juu yake. Ya pili ni kwamba hukumu ya kitabu hiki ikimezwa nzima kuna vijana watakaodhurika. Na ikitemwa nzima, kuna wengine watakaodhurika vilevile. Basi hapana budi kutafuna.

Kwanza tukitendee haki kwa kueleza kisemacho. Haidt asema kwamba kati ya mwaka 2010 na 2015 utoto ulibadilishwa tabia yake katika nchi tajiri, hasa zile zisemazo Kiingereza. Zamani mtoto alikua kwa mchezo. Alitoka nje, alikimbia, aligombana na wenziwe akapatana nao, alianguka akainuka. Kisha mtoto akaanza kukua kwa simu. Simu ya iPhone iliuzwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mwaka 2009 Facebook ikaweka kitufe cha kuonyesha kwamba umependa jambo la mwenzako. Mwaka 2010 ikaja iPhone yenye kamera ya mbele, ambayo mtu aweza kujipiga picha huku akijitazama, na mwaka huohuo ukazaliwa mtandao wa Instagram. Vitu hivi vilipokutana katika kiganja kimoja, asema Haidt, mtoto alihamishwa kutoka katika ulimwengu wa miili akapelekwa katika ulimwengu wa vivuli. Kitabu kinaanza kwa mfano wa tajiri atakaye kuwapeleka watoto wa watu kukaa katika sayari ya Mars bila kujua kama miili yao itastahimili hali ya huko. Hapana mzazi ambaye angekubali, asema mwandishi. Lakini wazazi walikubali safari ya mitandao bila kuuliza swali hata moja.

Haidt hawalaumu wazazi kwa uzembe peke yake. Awalaumu pia kwa ulinzi uliozidi. Asema kwamba katika ulimwengu wa barabara na viwanja walimlinda mtoto kupita kiasi, na katika ulimwengu wa mitandao wakamwacha bila mlinzi. Atoa mfano wa miti iliyopandwa ndani ya nyumba kubwa ya kioo huko Arizona. Miti ile ilikua upesi, kisha ikaanguka kabla ya kukomaa, kwa sababu ndani ya kioo hamkuwa na upepo, na mti usiopigwa na upepo haujengi mbao ngumu za kuusimamisha. Ndivyo alivyo mtoto asiyewahi kupambana na shida ndogo zinazomfaa.

Kisha ataja madhara manne ya utoto wa simu: kukosa kukaa pamoja na wenzi, kukosa usingizi, kukatika-katika kwa fikira, na uraibu. Na ashauri mambo manne: mtoto asipewe simu janja kabla ya kufika shule ya sekondari; asiingie mitandao ya kijamii kabla ya miaka 16; shule ziwe bila simu; na watoto warudishiwe mchezo na uhuru wa kujitegemea.

Huo ndio mwili wa kitabu. Sasa tuutazame uzuri wake, maana unao.

Uzuri wa kwanza ni lugha. Haidt ni mtaalamu asiyejificha nyuma ya istilahi. Kila sura aifunga kwa muhtasari, na kila dai kubwa alichorea picha ya tarakimu ambayo hata asiye mtaalamu aweza kuisoma. Mwanafunzi anayetaka kujifunza namna ya kujenga hoja atapata faida hapa, hata kama hoja yenyewe ataikataa.

Uzuri wa pili ni kwamba amekiona vizuri kitufe cha kupenda. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema wa methali alisifiwa na wanywaji wa kijiji chake, watu aliowajua, tena baada ya kupanda mnazi na kushuka na kibuyu. Kijana wa leo huweka sura yake mbele ya watu asiowajua. Sifa yake huhesabiwa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo huonekana na wote. Akipata 20 na mwenzake akapata 200, hakuna aliyemtukana, na hata hivyo ametukanwa. Mgema aliharibu tembo. Huyu yuko katika hatari ya kujiona yeye mwenyewe kuwa ndiye tembo lililotiwa maji. Na hayo hayakusemwa na mwandishi pekee. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alizitoa hadharani karatasi za siri za kampuni hiyo. Ndani yake ilionekana kwamba watafiti wa kampuni wenyewe waliwauliza wasichana, na miongoni mwa waliokuwa wakijisikia vibaya juu ya miili yao, 32% walisema kwamba Instagram iliwazidishia hali hiyo. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuonja bidhaa yake.

Uzuri wa tatu, nao kwangu ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba Haidt aeleza kwa nini kijana mmoja hawezi kutoka peke yake. Ataja utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na kutangazwa mwaka 2023. Wanafunzi waliulizwa walipwe kiasi gani ili waache kutumia TikTok kwa majuma manne, hali wenzao wanaendelea. Kwa wastani walitaka dola 59. Na kwa Instagram, dola 47. Kisha wakaulizwa: je, kama wenzenu wote wataacha pamoja nanyi? Hapo mambo yakageuka. Kwa wastani wakawa tayari kutoa fedha zao wenyewe, dola 28 kwa TikTok na dola 10 kwa Instagram, ili wote waache kwa pamoja. Fikiri jambo hili kwa makini. Wengi wa watu hawa wamo ndani ya nyumba ambayo wangefurahi kuiona haipo. Lakini kila mmoja anaogopa kutoka akawa peke yake nje. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayemwambia kijana mmoja, "Acha tu simu, huna nia ya kweli," hajauelewa mtego ulivyotegwa. Kwa kulifafanua jambo hili, Haidt amewaondolea vijana wengi lawama wasiyostahili, na kwa hilo anastahili shukrani.

Sasa tufike mahali pagumu.

Jina dogo la kitabu ladai kwamba mabadiliko makubwa ya utoto yanasababisha ugonjwa wa akili unaoenea kama tauni. Tazama maneno mawili katika dai hilo. La kwanza ni mfano wa nyaya: Haidt ayaita mabadiliko hayo kufungwa upya kwa nyaya za utoto, kana kwamba fundi wa umeme aliingia usiku katika vichwa vya watoto na kuhamisha nyaya. Mfano ni mzuri, lakini mfano si ushahidi. Waya hauchagui, haukatai, haujuti. Kijana huchagua, hukataa na hujuta. La pili ni kitenzi "kusababisha". Mzigo wote wa kitabu umewekwa juu ya kitenzi hiki kimoja, na swali la mhakiki ni hili: je, kinaubeba?

Hapana shaka kwamba huzuni ya vijana wa Marekani imeongezeka katika takwimu zao. Mwaka 2010 wasichana kama 12 katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 walionekana kuwa wamepatwa na sonona kubwa katika mwaka ule. Mwaka 2021 walikuwa kama 29. Na hapana shaka kwamba katika miaka hiyohiyo simu janja zilienea. Lakini wazee wetu walituachia methali inayofaa kutundikwa katika chumba cha kila mtafiti: jogoo akiwika, asiwike, kutakucha. Jogoo na mapambazuko huja pamoja kila siku, wala jogoo haleti mapambazuko. Mambo mawili kufuatana si sawa na moja kulizaa la pili. Tena yaweza kuwa kinyume: kijana aliyekwisha kuhuzunika, akakosa rafiki na usingizi, yeye ndiye hukimbilia simu.

Wenye kumpinga Haidt wanashika hapo. Amy Orben na Andrew Przybylski, watafiti wa Uingereza, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa habari za vijana 355,358 wa Uingereza na Marekani. Walikuta kwamba katika tofauti zote za hali njema baina ya kijana na kijana, matumizi ya vyombo vya dijitali hayakueleza zaidi ya 0.4%. Ili msomaji apate kipimo, walilinganisha na mambo ya kila siku. Kula viazi mara kwa mara kulihusiana na hali mbaya kwa kiasi kinachokaribia kile cha vyombo hivyo, na kuvaa miwani kulihusiana nayo zaidi. Hapana awezaye kusema kwamba viazi vinawatia vijana huzuni. Naye Candice Odgers, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliandika Machi 2024 katika jarida la Nature kwamba dai la Haidt haliungwi mkono na sayansi, na kwamba laweza kutugeuza macho tusiyaone mambo mengine yanayowaumiza vijana, kama vile umaskini, ukatili na ubaguzi.

Haidt hakukaa kimya. Hujibu kwamba hesabu ile ya 0.4% imechanganya mchele na mawe. Imeweka pamoja televisheni, kompyuta na mitandao, wavulana na wasichana, watumiaji wa kidogo na watumiaji wa kutwa kucha. Ukiwatenga wasichana wanaokaa saa nyingi katika mitandao ya kijamii, asema, uhusiano na huzuni huwa mkubwa zaidi. Jibu hili lina nguvu. Wastani ni kama kivuko kinachopimwa kina chake kwa hesabu ya mto mzima: mahali pengi maji hufika magotini, lakini pana mahali ambapo mtu huzama. Hata hivyo bado tunazungumza juu ya uhusiano. Kitenzi "kusababisha" bado kinasubiri.

Je, hapana ushahidi wa sababu? Upo kidogo, na mwanafunzi mwangalifu apaswa kuujua. Facebook ilizaliwa Chuo Kikuu cha Harvard Februari 2004, kisha ikafunguliwa chuo baada ya chuo. Kwa kuwa haikufika kote siku moja, wachumi watatu, Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin, waliweza kuvilinganisha vyuo vilivyokwisha kuipata na vile ambavyo vilikuwa bado. Mwaka 2022 walitangaza kwamba ilipofika, afya ya akili ya wanafunzi ilidhoofika, na dalili zikaelekea upande wa kujilinganisha na wenzi. Huo ni ushahidi mzito kuliko jogoo na mapambazuko. Lakini uangalie vizuri: mwaka 2004 hapakuwa na iPhone. Wanafunzi wale waliketi mbele ya kompyuta. Basi ushahidi huu waelekeza kidole chake kwenye kioo cha kujilinganisha, si kwenye chombo kilichomo mfukoni.

Na jaribio jingine, lililofanywa Marekani mwaka 2018, liliwalipa watu wazima waache Facebook kwa majuma manne. Walipata nafasi ya dakika 60 hivi kila siku, na furaha yao ikaongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo tu. Nao wakapungukiwa na habari za mambo ya nchi. Faida ndogo na hasara ndogo: hiyo si sura ya tauni.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya sehemu hii ni kwamba madhara yapo, na kwa baadhi ya vijana ni makali; lakini kwamba simu ndiyo sababu kuu ya huzuni ya kizazi kizima, hilo kitabu kimelitangaza zaidi ya kulithibitisha. Haidt ni wakili hodari, naye hawafichi mashahidi wa upande wa pili. Lakini huwaita dakika za mwisho, huwauliza upesi, na kuwaondoa kizimbani.

Sasa turudi nyumbani, maana kitabu kilichoandikwa kwa vijana wa New York kikisomwa Kakamega au Garissa huwa ni kitabu kingine.

Karibu takwimu zote za Haidt ni za Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na nchi za Ulaya ya kaskazini. Haziwezi kutusemea. Katika nchi yetu uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba 12.2% ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na ugonjwa wa akili kwa vipimo vya waganga. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila wanane. Hesabu wanafunzi waliomo darasani mwako, uone ni wangapi. Lakini tarakimu hii ni picha iliyopigwa mara moja, na picha moja haionyeshi mwendo. Haituambii kama maradhi yamepanda pamoja na simu, wala haituambii yangekuwaje bila simu.

Angalia pia shauri lake la tatu, kwamba shule ziwe bila simu. Katika shule zetu nyingi za bweni shauri hilo ni la zamani. Mwanafunzi akikutwa na simu huiona Jehanamu kabla ya kufa. Ikiwa simu ndiyo mzizi wa wahaka wote, mabweni yetu yangekuwa nyumba za utulivu kuliko zote duniani. Wewe uliyelala humo wajua kama ndivyo. Wajua mwenzako anayelia usiku kwa sababu karo haijalipwa, au kwa sababu mama ni mgonjwa, au kwa sababu mtihani unakaribia na nyumba nzima imetundika matumaini yake juu ya alama zake. Huzuni hizo hazikuingia kwa kupitia kioo cha simu.

Na mfano wa miti isiyopata upepo je? Mtoto achungaye mbuzi Turkana na kutembea kilomita nyingi kutafuta maji hakukosa upepo. Labda umempiga kuliko kiasi. Kumwambia kwamba wazazi wamemlinda mno ni dhihaka. Lakini usiutupe mfano huo haraka. Nenda mtaa wa Pipeline, Embakasi, Nairobi, ambako majumba ya ghorofa yamebanana hata jua halifiki chini, utafute mahali ambapo mtoto aweza kupiga mpira. Mtoto wa huko hakunyimwa mchezo na hofu ya mama yake. Amenyimwa na mwenye kujenga. Akiishika simu, hajauacha uwanja, kwa kuwa uwanja wenyewe haupo. Hapa Haidt angetufaa sana, kama tungemsoma kwa macho yetu: kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, tujiulize tumeandaa nini cha kumwekea mkononi.

Tena, simu iliingia nyumbani kwetu kwa mlango mwingine. Mwaka uleule wa 2007 ambao Marekani waliiona iPhone, Kenya iliiona M-Pesa. Kwetu sisi simu ilikuwa mkoba kabla haijawa kioo. Ilileta karo kutoka kwa kaka aliye mjini na habari ya msiba kutoka shamba. Simu ya mama ambayo mtoto huiazima jioni ndiyo hiyohiyo inayoshika fedha za unga. Kwa hiyo anayesema simu iondolewe nyumbani asema jambo lisilowezekana. Inayoweza kuondolewa ni saa fulani, na kurasa fulani, na umri fulani.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kenya hawezi kulisahau anaposoma juu ya mitandao na afya ya akili. Kurasa zile haziwi safi zenyewe. Nairobi walikuwako wafanyakazi, wengi wao vijana, ambao kazi yao ilikuwa kutazama picha za mauaji na unyama siku nzima ili ziondolewe Facebook kabla wengine hawajaziona. Mwaka 2022 mmoja wao aliishtaki kampuni ya Meta, yenye Facebook, pamoja na kampuni iliyomwajiri, katika mahakama ya Nairobi, akidai kwamba kazi hiyo ilimharibia afya ya akili bila kupewa msaada uliostahili. Tunapopima hasara ya mitandao kwa vijana, mizani yetu ikiwapima watumiaji peke yao na kuwaacha wafagiaji, ni mizani iliyopinda.

Nimesema mwanzoni kwamba hukumu ya kitabu hiki ikimezwa nzima kuna vijana watakaodhurika. Sasa nitasema ni akina nani. Ni wale ambao huzuni yao ina mzizi mwingine. Msichana anayeumizwa na jamaa aliye nyumbani, mvulana aliyefiwa na baba akaambiwa mwanamume halii, mtoto anayekwenda shule na njaa: hawa wote wakianza kunyamaza, kukosa usingizi na kushuka katika masomo, mzazi aliyesoma kitabu kimoja atasema, "Ni hiyo simu." Ataichukua simu, ataifungia kabatini, naye ataona kwamba amemaliza kazi ya uzazi. Mtoto atakuwa amenyang'anywa simu na bado hajasikilizwa. Jibu rahisi lina ubaya huu, kwamba humpumzisha mwulizaji kabla ya kumponya mgonjwa. Mwenzako akikuambia kwamba amechoka na maisha, usimwulize kwanza anatumia simu saa ngapi. Mwulize kuna nini, ukae usikie jibu lote, kisha umpeleke kwa mtu mzima mnayemwamini nyote wawili, awe mwalimu, mzazi au mganga.

Nimesema pia kwamba hukumu hiyo ikitemwa nzima kuna wengine watakaodhurika. Nao ni wale wasemao, "Wataalamu hawajaafikiana, basi hapana hatari," wakalala saa tisa za usiku na mwanga usoni. Kutokuafikiana kwa wataalamu juu ya ukubwa wa moto si ruhusa ya kulala ndani ya nyumba inayofuka moshi. Usingizi hauhitaji ushahidi wa dunia nzima. Kila mwili waujua. Australia haikungoja mjadala uishe: Bunge lake lilipitisha Novemba 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na sheria hiyo ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025. Ama itakuwa mfano mwema ama onyo, miaka ijayo itasema. Lakini si upumbavu kujaribu jambo kwa pamoja pale ambapo mtu mmoja hawezi.

Basi chukua kutoka kwa Haidt lile lililo bora. Usichukue tarakimu za Marekani ukazivaa kama nguo zako, zitakupwaya. Chukua fundisho la mtego. Wakati wa likizo, simu inaporudi mkononi na vishawishi vyake vyote, usijaribu kuwa shujaa peke yako. Patana na rafiki watatu au wanne kwamba kuanzia saa tatu za usiku hakuna atakayeandika wala atakayengoja kuandikiwa. Hapo hapana atakayekuwa amekosa kitu, maana hapatakuwa na kitu cha kukosa. Jambo ambalo kwa mmoja lingekuwa upweke, kwa wanne ni desturi.

Na kama kitabu kitafika mkononi mwako, kisome chote, pamoja na wapinzani wake. Pale mwandishi aonyeshapo, tazama. Pale atangazapo, uliza. Kitabu hiki ni bora kwa maswali yake kuliko kwa majibu yake, na cheo hicho ni kikubwa, kwa sababu swali lililoulizwa vema hubaki na kazi hata baada ya jibu lake la kwanza kushindwa. Swali lenyewe ni hili: vijana wetu wanakosa nini hata simu ikawa ndiyo mahali pa kukitafuta? Haidt amejibu kwa nchi yake. Jibu la nchi yetu bado halijaandikwa, na huenda mwandishi wake angali dawatini, anasoma ukurasa huu.